Nyakabanda: kijiji kilicho ndani ya mji

Tumeongea sana hapa kuhusu vijiji tulivyotoka: Masisi, Rutshuru, Minembwe, Fizi, mpaka Kirundo kule Burundi. Leo nataka tuongee kijiji tunamoishi.

Kwanza tuelewane ni Nyakabanda ipi, maana ziko nyingi. Iko Nyakabanda ya Kisoro, Uganda, karibu na mpaka wa Bunagana. Ni ile kambi ya mapokezi ambayo Wakongomani wengi waliipitia mwaka 2012 na tena 2022, vita vya M23 vilipowakuta Rutshuru. Kuna wenzetu wakisikia hilo jina tu wanakumbuka mahema na foleni. Iko pia Nyakabanda ya Kicukiro, ndani ya sekta ya Niboye. Ukimwambia motari "Nyakabanda" bila kufafanua, anaweza kukushusha huko na nauli umeshalipa. Mimi naongelea Nyakabanda ya upande wa Nyamirambo, moja ya sekta 10 za wilaya ya Nyarugenge, kwenye miteremko inayopanda kuelekea Mlima Kigali. Ina seli nne: Nyakabanda ya I, Nyakabanda ya II, Munanira ya I na Munanira ya II. Na kila seli imegawanywa katika midugudu.

Hapo kwenye mudugudu ndipo hadithi inapoanzia. Neno umudugudu la Kinyarwanda, ukilileta kwenye Kiswahili, ni kijiji. Basi ukijaza fomu yoyote ya serikali utaandika mji, wilaya, sekta, seli, na mwisho kijiji chako. Kijiji, katikati ya mji ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.7! Wengi wetu tunacheka: kijiji gani hakina shamba wala mbuzi? Lakini ukifuata historia unaona jina hilo si la bure.

KILIMA KABLA YA MJI

Zamani Rwanda haikuwa na vijiji vya nyumba zilizosongamana kama vile vya kando ya Ziwa Tanganyika. Watu waliishi juu ya vilima, kila familia na boma lake, linaloitwa urugo: nyumba, ua wa miti, migomba kuizunguka nyumba, halafu maharage, mtama na viazi vitamu kwenye mteremko. Mabonde yalilimwa wakati wa kiangazi, udongo wa juu ulipokauka. Jirani alikuwa mbali kidogo, ila ukiita anasikia. Kijiji chenu kilikuwa kilima chenu chote, na mtu alitambulika kwa kilima chake.

Wazee wetu wa Masisi na wa nyanda za juu za Minembwe hawashangai wakisikia hivi, maana kwao pia ng'ombe na nafasi ndivyo vilivyopanga nyumba. Wa Uvira na Baraka, waliozoea nyumba zifuatane kando ya barabara, ndio wanaona ni jambo geni.

Nyakabanda ilikuwa kilima cha namna hiyo. Hata leo, macho yako yakizoea, unaona mabaki: migomba miwili mitatu nyuma ya choo, mparachichi katikati ya nyumba za kupanga, mama anayepanda lengalenga kwenye kipande cha udongo kisichozidi mkeka.

MJI UNAANZA KARIBU NASI

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, alichagua kilima cha Nyarugenge kuweka makao yake. Nyumba yake ingaliko, siku hizi ni makumbusho. Mwami hakukaa Kigali, ikulu yake ilikuwa Nyanza, kusini. Kwa hiyo Kigali ilizaliwa kama mji wa ofisi na biashara, na watu wake wa kwanza wengi walikuwa wageni: askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliotokea pwani, Tabora na Ujiji. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fat'h uliojengwa 1913 ni ukumbusho wa watu hao.

Wabelgiji walipoingia 1916 waliwatenga Waswahili kwenye mtaa wao, Biryogo, hapo chini yetu. Ulikuwa mtaa wenye masharti, kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Kinyarwanda akisema "umuswahili" anaweza kumaanisha Mwislamu, hata kama mtu mwenyewe hajui Kiswahili.

Vijana, hapo tusimame kidogo. Ile lugha ambayo ukiiongea ndani ya basi watu wanageuka kukuangalia na kukuuliza umetoka wapi, imekaa kwenye hivi vilima zaidi ya miaka 110. Bunge la Rwanda liliipitisha kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2017, ila mitaani kwetu ilikuwa imeshafanya kazi muda mrefu bila cheti.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Wakati wa Wabelgiji makao makuu ya utawala yalikuwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Kigali ikachaguliwa kuwa mji mkuu kwa sababu iko katikati ya nchi. Unajua ilikuwa na watu wangapi? Kama 6,000 tu. Kambi ya Kiziba peke yake imewahi kuwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Piga hesabu mwenyewe: mji wa watu 6,000 unaishia wapi? Ulikuwa ukitoka Biryogo na kupanda huku, mji umeuacha nyuma, uko mashambani.

WALIOKUJA KABLA YETU

Baada ya uhuru watu walianza kuja kutoka mikoani kutafuta kazi. Shamba likagawanywa vipande, kipande kikauzwa, nyumba ya matofali ya udongo mabichi, rukarakara, ikasimama. Mwenye nyumba akaongeza chumba cha kupangisha, halafu kingine. Ndiyo maana njia zetu hazikunyooka. Hakuna aliyechora barabara kwanza, nyumba zilikuja moja moja na njia ikapita palipobaki nafasi.

Halafu ikaja Aprili 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliua watu zaidi ya milioni moja katika nchi nzima, na damu ilimwagika upande wetu huu pia. Upande huu huu ndipo kilipokuwa kituo cha yatima cha familia ya Gisimba. Damas Gisimba aliwaficha humo watoto na watu wazima wapatao 400. Mmarekani Carl Wilkens, mmoja wa wageni wachache sana waliokataa kuondoka nchini, alimsaidia kupata maji na chakula. Gisimba alifariki mwaka 2023. Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo nao wanakumbukwa kwa kuficha majirani zao. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili mtaa unanyamaza, muziki unazimwa, na mudugudu unakaa pamoja kukumbuka. Kijana aliyefika hapa mwezi jana lazima ajue kwa nini, asije akadhani ni siku za kawaida.

Baada ya Julai 1994 walirudi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbia tangu 1959, pamoja na watoto na wajukuu wao. Walitoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire. Kambi ya Nakivale, ambayo leo imejaa Wakongomani na Warundi, ilifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda hao mwishoni mwa miaka ya 1950. Rais Kagame mwenyewe aliondoka Rwanda akiwa mtoto mdogo na kukulia ukimbizini Uganda. Kwa hiyo yule mwenye nyumba anayekugongea mlango kila mwisho wa mwezi, inawezekana kabisa alizaliwa mkimbizi. Usishangae akikuuliza habari za kambi kama mtu anayezijua.

Sisi tulikuja baadaye. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa Desemba 1996, Gihembe 1997, Nyabiheke 2005, Kigeme 2012, Mugombwa 2014, na Mahama mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Gihembe ilifungwa 2021 na watu wake wakahamishiwa Mahama. Wengine hawakupitia kambi, walishukia Nyabugogo na mizigo yao wakatafuta chumba. Na wengi waliokulia kambini walikuja Kigali kusoma au kutafuta kazi, wakapanda kilima kufuata kodi nafuu na watu wanaosikia Kiswahili.

Ukiangalia hiyo orodha yote, mkulima wa zamani, askari wa Kandt, mfanyakazi wa 1970, aliyerudi 1994, Mkongomani wa 1996, Mrundi wa 2015, unaona kwamba kilima hiki kimekuwa kikipokea watu zaidi ya miaka mia moja. Ukimtoa mkulima, kila mmoja alipofika alikuta mwingine anamwita mgeni.

KUTOKA NYUMBAKUMI MPAKA MUDUGUDU

Sasa, watu wote hao wameishije pamoja? Kuna neno la Kiswahili ambalo Wanyarwanda wengi wanalijua: nyumbakumi. Ni kiongozi wa nyumba kumi. Mpango huo ulikuwa maarufu Tanzania tangu miaka ya 1960, na neno likavuka mpaka bila kubadilishwa hata herufi. Nyumbakumi alijua nani amezaliwa, nani amehama, nani ana mgeni.

Mwishoni mwa 1996 serikali ilipitisha sera ya kuwakusanya watu wa mashambani waishi pamoja, kwenye umudugudu, waache makazi ya kutawanyika. Lengo lilikuwa kuwapatia nyumba waliorudi na kurahisisha maji, shule na barabara. Mwaka 2006 nchi ilipangwa upya: mikoa minne na Mji wa Kigali, wilaya 30, sekta 416, seli 2,148, na midugudu 14,837. Hapo ndipo neno lililokuwa la mashambani likaingia mjini, na mtaa wetu wa mabati ukawa rasmi kijiji. Siku hizi ndani ya mudugudu kuna isibo, kundi la kaya 15 mpaka 20 hivi. Ukiiangalia vizuri, ni nyumbakumi amerudi na jina jingine.

Na mudugudu una kazi kweli. Kiongozi wake anatakiwa kujua anayelala kwenye kila nyumba. Ukitaka barua ya kuthibitisha unaishi hapa, unaanzia kwake. Ugomvi wa ukuta au wa deni ukishindikana nyumbani unakwenda kwa abunzi, wapatanishi wa seli. Gacaca nazo, zile mahakama za wananchi zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili, zilikaa ngazi za chini hizi hizi, majirani mbele ya majirani.

SIKU YA KAWAIDA

Asubuhi inaanza na ufagio. Kabla jua halijatoka mama anafagia mbele ya mlango, na ndani ya igipangu, yaani ua mmoja wenye vyumba vingi vya kupanga, foleni ya choo imeshaanza. Bomba likikauka, mabidoni ya njano yanapangwa na watoto wanatumwa kabla ya shule. Umeme ni wa kununua mapema, ukiisha usiku wa Jumapili na simu haina hela, mnalala gizani, labda jirani akutumie.

Mchana harufu ndiyo inakwambia nani anaishi wapi. Sombe inatwangwa kwa Wakongomani, ndagala wanakaangwa kwa Warundi, sufuria ya maharage inachemka taratibu kwenye imbabura ya Mnyarwanda tangu saa nne. Kwenye butike ya kona watu wananunua kidogo kidogo: mafuta ya kupimiwa, nusu kilo ya sukari, makaa ya kopo moja. Daftari la madeni liko nyuma ya kaunta. Mwenye butike akikuandika humo ujue ameshakuhesabu kuwa mtu wa mtaa, maana hakuna anayemkopesha mpita njia.

Jioni vijana wanashuka Biryogo kunywa chai na chapati kwenye ile barabara iliyofungwa kwa magari tangu 2021, au wanakwenda kusikiliza mechi kutoka uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé. Usiku irondo, walinzi wa mtaa, wanapita na tochi zao.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi maduka yamefungwa, magari yamesimama, na mudugudu mzima unashika majembe. Neno umuganda zamani lilikuwa jina la mti wa kujengea nyumba, na mtu hawezi kusimamisha nyumba peke yake. Huku kwetu kwenye mteremko kazi kubwa ni mifereji. Mfereji ukiziba juu, maji yanaingia kwa jirani wa chini. Mteremko hauulizi kitambulisho, unaangalia nani yuko chini ya nani. Kazi ikiisha watu wanakaa kwenye mkutano, na hapo ndipo matangazo, malalamiko na majina mapya yanapotolewa.

Ndugu wa mashirika, hapo mnatupoteaga. Kwenye orodha zenu sisi ni "wakimbizi wa mjini", watu ambao kwa kawaida hatupati ile pesa ya kila mwezi ya kambini na tunatakiwa kujitegemea. Ni sawa. Lakini kujitegemea kwa mtu wa hapa kunapitia kwenye mudugudu. Tangu 2019 wakimbizi wa Kigali wameanza kuingizwa kwenye mituweli, bima ya afya ya wananchi, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa sababu tulianza kukaa benchi moja na majirani kwenye kituo cha afya. Mradi mwingine unakuja na gari, unaita majina yetu peke yetu, unaondoka. Jirani Mnyarwanda ambaye paa lake linavuja kuliko letu anabaki anatuangalia. Kabla hamjaanzisha kitu, njooni Jumanne kwenye mkutano wa wananchi, mkae nyuma, msikilize. Mtajua mengi kuliko dodoso.

KINACHONIPA WASIWASI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Vyumba vya bei ya chini kabisa viko kwenye mteremko mkali kabisa, ambako hata moto haifiki, unashuka kwa ngazi za udongo. Mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao magharibi mwa nchi, na baada ya hapo Mji wa Kigali uliongeza kasi ya kuwaondoa watu kwenye maeneo ya hatari. Hapo jirani, Gitega, kwenye mradi wa Mpazi, nyumba za zamani zimebomolewa na maghorofa yakajengwa ili wenye viwanja wabaki pale pale. Hakuna mwenye akili atakayesema watu waachwe chini ya udongo unaoteleza. Kuhama kunaokoa maisha.

Ila mpangaji hana kiwanja. Siku mteremko ukifungwa, mwenye nyumba ana karatasi ya ardhi ya kuonyesha, na mpangaji ana mabegi yake. Akishatoka, miaka 12 aliyoishi hapo inabaki wapi? Kwenye daftari la mudugudu, kama aliandikwa. Kwenye mfereji aliochimba. Na kwenye vichwa vya majirani, ambao nao watatawanyika. Sisi tulishapoteza historia ya vijiji vya wazazi wetu namna hiyo: kijiji kikachomwa, watu wakasambaa, leo hakuna anayeweza kusema kisima kilikuwa upande gani. Sitaki ya hapa yapotee kwa amani wakati ya kule yalipotea kwa vita.

Kwa hiyo nina maombi matatu, yote hayana gharama. Kwanza, kama umehamia chumba kipya, nenda ukajiandikishe kwa kiongozi wa mudugudu wiki hii, wewe mwenyewe, usimwachie mwenye nyumba. Jina lako liandikwe kama unavyoliandika wewe. Pili, shuka Jumamosi ya umuganda, na baada ya kazi ubaki kwenye mkutano. Ukiwa na la kusema, sema, hata kwa Kinyarwanda cha kuvunjika. Tatu, mtafute mzee mmoja wa mtaa, awe Mnyarwanda, Mrundi au Mkongomani, muulize mambo manne: alifika lini, alikuta nini hapa, nani alimpokea, na maji walichota wapi. Yaandike kwenye simu yako kwa Kiswahili, weka na tarehe.

Tukipata hata wazee kumi tutakuwa na kitu ambacho hakijawahi kuandikwa. Mzee wangu wa kwanza nimeshampata, ni bibi wa ua wa juu yetu. Nilipomuuliza alikuta nini hapa alipofika, alinionyesha mparachichi akasema, "Huo. Na nyumba tatu." Atakayefuata alete wa kwake hapa kwenye kundi, tuendelee.